Samaki wa Kilio kwa Kazadi

Jéthro Ngoy alikuwa mashinisti, aliendesha gari moshi kati ya Kamina na Bukama, na katika kambi yote ya reli hakuna aliyejua kuongea kama yeye. Mungu akikupa ulimi hakupi na breki yake; hiyo utajitafutia mwenyewe. Jéthro aliweza kusimamisha mabehewa yaliyojaa mizigo penye mteremko, ila mdomo wake hakuuweza, na hapo ndipo pa kumlilia.

Miaka ya hamsini ilikuwa imeshaanza, na wafanyakazi weusi wa reli walikuwa wakichagua rais wa sendika, chama chao cha kuwatetea kazini. Waliosimama walikuwa wawili: Jéthro na Kazadi, fundi wa kuunganisha mabehewa, jirani yake wa ukuta mmoja. Mmoja alizaliwa kando ya Lualaba, mwingine Kasai, lakini walikuwa wamekula sahani moja tangu ujana. Hata kugombea waligombea kwa utani.

"Ukishinda, utaninunulia kofia," Kazadi alisema.

"Na kichwa yako kubwa hivi, kofia nitaitoa wapi?"

Kila mgombea alichangiwa na watu wake. Jéthro alichangiwa na Sadiki, mfanyabiashara wa ukoo wa Maniema aliyeuza samaki wakavu wa Bukama. Sadiki alimletea gunia zima, ili Jumapili baada ya misa awalishe wapiga kura. Usidhani ni ukarimu mtupu: Sadiki alitaka sendika imsemee, aruhusiwe kuuza mlangoni mwa kambi. Nayo sendika ilikuwa na sheria yake: mgombea akiwalisha watu kwa mchango wa mwenzake, jina lake linaondolewa.

Kabla ya Jumapili hiyo, mama yake Kazadi akafariki.

Sasa, kambini pale kilio kikiingia kwa jirani, jungu lako halina haki ya kubaki jikoni. Léonie, mke wa Jéthro, alitazama huku na huku, akaona kitoweo ni kile cha guniani tu.

"Baba Ève," akamwita mumewe kwa jina la binti yao, "samaki njo hii tu iko. Nipeleke?"

"Peleka. Mama ya Kazadi iko mama yangu."

Alisema kwa moyo wake wote, tusimwonee. Alikaa mkekani kando ya Kazadi, wakalia pamoja, wakala bukari, ugali wa kwao, na samaki wale pamoja.

Kilio kilipokwisha, upepo ukageuka. Watu walimwonea Kazadi huruma, wakakumbuka upole wake, na kwenye bomba la maji jina likawa lake tu. Jumapili ikapita, Jéthro hana cha kumlisha mtu. Wivu ukamkaa kooni. Angeumeza, yangeisha. Hakuumeza, mtu yule.

Siku ya kura, ukumbi umejaa, akasimama. "Bantu, munamusifu Kazadi. Mumuulize ile samaki mulikula kwake ilitoka wapi. Ilikuwa muchango wangu, Sadiki alinipatia. Kazadi aliwalisha na muchango yangu."

Zacharie, karani aliyesimamia uchaguzi, akamwuliza Kazadi kama ni kweli.

Kazadi aliinuka, kichwa bado kimenyolewa kwa ajili ya mama yake. Hakumtazama Zacharie, alimtazama Jéthro. "Minyi nilikuwa nakaa ku mukeka," akasema. "Nilikula kile bantu baliniletea. Weye unajua, ndugu. Tulikula pamoja."

Hapo Jéthro angesema tu: ni mimi niliyemtuma mke wangu. Neno dogo, na yeye hajawahi kupungukiwa maneno. Akakaa chini. Zacharie akasoma sheria, jina la Kazadi likaondolewa, na Jéthro akawa rais.

Kazi ya urais aliifanya vizuri, haki yake tumpe. Aliwasemea watu, na nyumba zilizovuja zikapata mabati. Shida zao walimletea ofisini; nyumbani kwake hawakula. Aliyelipa ni Léonie, maskini. Kilio kilipoingia kwa Germaine, jirani wa mtaa wa pili, alikwenda na jungu lake la maharagwe, wanawake wakamsimamisha mlangoni.

"Mama Léonie, hii iko ya kilio ama ya sendika? Tukikula, kesho tutashitakiwa."

Walisema wakicheka, lakini alirudi na jungu limejaa. "Baba Ève, ulininyang'anya bantu," akamwambia mumewe. Hakulirudia neno hilo tena.

Jéthro alitaka kwenda kwa Kazadi akatubu. Ukuta ulikuwa mmoja, alimsikia hata akikohoa. Kila siku alisema kesho, na aibu ikazidi kuwa nzito kuibeba mpaka mlango wa pili.

Msimu mmoja wa mvua, homa ikamchukua Léonie, akafariki. Jéthro akakaa mkekani, akitazama mlango, akijiuliza nani atakuja na jungu. Walikuja, kambi haiachi kilio. Lakini kila mama alisimama kwanza kizingitini, akangoja mpaka Jéthro amwambie aingize.

Kisha akaja Kazadi na beseni la samaki wa Bukama. Aliwageukia watu waliokaa uani. "Mushuhudie bote," akasema taratibu. "Hii samaki iko ya kilio. Hakuna muntu ataidai."

Akaliweka mbele ya Jéthro. Sauti yake haikuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililomchoma Jéthro.

"Kazadi," Jéthro akasema, na ulimi ule wote ukamwishia. "Kaa tule."

"Mabehewa inaningoja, Bwana Rais."

Hakuwahi kumwita hivyo. Siku zote alimwita ndugu. Kazadi akaenda zake kazini, wakaleta bukari, na Jéthro akanawa mikono, akala peke yake.