Mikunjo Minne ya Sare

Jina lake lote ni Bi Kengele, binti wa mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa huu, mjukuu wa bibi aliyechimba kisima kwa jembe la kuazima. Yeye mwenyewe amefagia shule yetu ya msingi na kupiga kengele yake miaka thelathini na mmoja. Ni wifi yangu, na simsifii kwa undugu. Tumenuniana mara nyingi tu.

Kila Jumatatu asubuhi husimama langoni akitazama sare. Si uchafu anaoutafuta. Shati linalotundikwa msumarini huwa na kinundu nyuma ya shingo. Shati lililolala ndani ya begi huwa na mikunjo minne, kama barua. Mtoto wa shati hilo, kwao wamefungasha. Wanangoja kutolewa kwenye nyumba, na wanaona haya kusema.

Hilo alijifunza kwa machungu. Zamani alimwona mvulana wa darasa la nne na mikunjo hiyo, akamtania, "Leo pasi ya mama yako imelewa?" Mtoto akacheka. Jumatano hakuja, wala dada zake wawili. Walikokwenda hatujui mpaka leo. Wifi huitaja Jumatatu ile kama watu wanavyotaja msiba.

Mwaka jana, wiki tatu kabla ya mtihani wa darasa la saba, akapita binti wa mama mmoja mfua nguo, ambaye sare yake siku zote ilinyooka kuliko suruali ya mwalimu mkuu. Mikunjo minne! Wifi aliniachia ufagio, maana siku hiyo nilikuwa nikimsaidia, akaenda kwao na kandambili zake.

Mfua nguo alikuwa amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba. Mwenye nyumba anabomoa vyumba vyote sita ajenge ghala; Jumamosi wawe wametoka.

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani, dada? Nguo za watu nafua mimi, halafu niwaanikie na aibu yangu?"

Wifi akamfuata mwenye nyumba.

"Mafundi nimeshawaita, Bi Kengele."

"Nani kasema uwafukuze? Waanzie upande ule. Chumba chake kiwe cha mwisho."

"Siku hizi umekuwa mhandisi?"

"Nimekupigia kengele miaka saba, na kila siku ulichelewa. Leo chelewa tena, mara moja tu."

Akacheka, akakubali. Mfua nguo hakucheka. Wiki tatu binti yake alisoma huku nyundo zikisogea chumba kwa chumba, vumbi likitua kwenye daftari. Siku ya mtihani ulibaki ukuta mmoja kati yao na mafundi. Alipotoka mtihanini, paa halikuwepo. Mama yake na wadogo zake wawili walikuwa kwa wifi, kwenye chumba cha nyuma kinachovuja. Wapo hapo hadi sasa, na chumba cha kwao hakijapatikana. Ila wadogo hawajakosa shule hata siku moja.

Mwezi huu miguu ya wifi imegoma. Jumapili alimwita mfua nguo kitandani, akamwekea kengele mapajani.

"Dada, kazi ya shule mimi siijui."

"Kupiga utajifunza. Ya sare unaijua kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyekunja. Kesho simama langoni. Ukiiona, usitanie. Mfuate mama yake siku hiyo hiyo."