Muchomeni, wimbo wa Abdias

Abdias Kyungu ana kipaji kimoja kisichobishaniwa: anaweza kukoroma akiwa macho. Ndivyo mke wake, Denise, anavyowajibu wageni wanaouliza kazi ya huyo mume anayevaa fulana nyeusi jua likiwaka mji mzima wa Kamina. Mchana Abdias ni karani, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Jioni ni mwimbaji wa metali, ule muziki wa magitaa yanayonguruma na maneno yanayotoka tumboni kama mtu aliyekabwa na mwiba wa samaki. Kundi lake ni watu wawili, yeye na Lumbala, mtoto wa askari wa base, ile kambi ya jeshi, anayezitwanga ngoma kama mihogo, pamoja na jenereta inayokohoa kuliko wote.

Kuimba alifundishwa kanisani na baba yake, Tata Ézéchias, pasta wa Kimetodisti aliyestaafu. Huyo mzee akiombea chakula, bukari, yaani ugali, inapoa mpaka inaganda. Anaanza na wagonjwa, anapita kwa wajane, anafika mpaka kwa treni iliyokwama njiani. Tangu utotoni Abdias alimwigiza mbele ya marafiki, macho juu, sauti ikitetemeka, nao wakicheka hadi kushika mbavu.

Wimbo wenyewe ulitoka barabarani. Njiani kwenda kazini kulikuwa na doa jeusi, pale watu walipomchoma kijana mmoja kwa kisa cha kuku. Baiskeli zililikwepa kama zinavyokwepa shimo. Abdias alilikwepa kila asubuhi, na kila asubuhi moyo ulimuuma, mpaka akasema basi, ataandika wimbo wa kuitia Kamina aibu. Akatunga beti kali juu ya mtu asiye na kosa, maana asiye na kosa ni rahisi kumlilia. Kiitikio akakiweka mdomoni mwa umati: "Nani hakimu? Shiye bote! Muchomeni!" Watu wajisikie wenyewe wakisema sisi sote ndio hakimu, alimwambia Lumbala, wastuke. Lumbala alisema sawa, bora ngoma ziwe nyingi.

Siku ya onyesho, kwenye kiwanja karibu na stesheni, Abdias alifanya kosa ambalo mtoto wa kwaya tu angelifanya. Kabla ya kuimba, aliwafundisha watu kiitikio kama kanisani: yeye anasema, wao wanarudia, mara ya pili, mara ya tatu, wanaume kwanza, kisha wamama. Walikishika vizuri ajabu. Halafu akaanza beti zake, na kwa ule mkoromo wake hakuna aliyeambulia hata neno. Aibu yote aliyoitunga ilipotelea kooni. Kilichobaki mjini ni "Muchomeni!" Madereva wa pikipiki walikiimba, wauza sombe, yale majani ya mihogo, walikiimba, naye bwana mkubwa Abdias akavimba kichwa, akaanza kujibu salamu kwa kidole kimoja.

Jumamosi moja alikuwa anaelekea sokoni aliposikia wimbo wake kwa mbali. Watu wengi! Haki ya Mungu, Abdias alijinyoosha fulana, akainua mkono kuwapungia. Alifika na mkono ukiwa bado juu.

Katikati ya watu alikuwa amepiga magoti Mukalay, muuza samaki wakavu kutoka Kinkondja, damu ikimchuruzika sikioni, baiskeli yake imepinduliwa. Simu ya Mama Bibiche, mama mmoja wa pale sokoni, ilikuwa imepotea, na Mukalay ndiye aliyesimama karibu naye. Kama aliichukua, Abdias hajui hata leo. Kijana mmoja alikuwa anasukuma tairi kuukuu, mwingine ameshika kidumu cha petroli.

"Eh! Mwenye wimbo njo huyu!" mtu akapaza sauti, akimwita kama kaka mkubwa. "Yaya, kuya utuanzishie!"

Abdias aliushusha mkono. Akavuta pumzi, akatoa sauti yake yote: "Mumuache! Iko muntu!" Lakini sauti ikatoka ileile ya jukwaani, mkoromo mtupu, na watu wakaisikia kama ubeti. Wakashangilia. Ubeti ulipokwisha wakaitikia, kwa wakati wake kabisa, kama alivyowafundisha: "Muchomeni!"

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Tairi lilikuwa limefika begani kwa Mukalay. Abdias hakuwa na akili nyingine, na mdomo wake ukatoa kitu alichokicheka miaka yote, kwa sauti ya baba yake, yenye kutetemeka:

"Tuombe."

Kofia zikavuliwa. Vichwa vikainama. Mwenye kidumu alikiweka chini taratibu, akafumba macho, maana Kamina mtoto anajifunza kuinama kwa neno hilo kabla hajajifunza kutembea. Abdias akaanza na wagonjwa. Akapita kwa wajane. Akiwa kwa wanafunzi wa mitihani, akachungulia amwone Mukalay anavyokimbia. Lo! Mukalay naye alikuwa amefumba macho, kichwa chini, tairi shingoni, anaomba pamoja na wengine.

Abdias akampiga teke. Hilo ndilo teke pekee alilopigwa Mukalay kwa upendo siku hiyo. Mukalay akafumbua macho, akaelewa, akajivua tairi, akapenya katikati ya miguu ya watu na kupotelea upande wa reli. Abdias aliendelea na treni, na mihogo ya Kabongo, na wake wa askari, jasho likimtoka, akiogopa kusema Amina. Alipoisema hatimaye, watu walifumbua macho, wakatazama pale chini, kisha wakatazamana. Walivaa kofia, wakaondoka na samaki wa Mukalay.

Abdias alifuta kiitikio. Lumbala alilalamika kwamba sasa wimbo hauna utamu, naye akamjibu kwamba haukuwa nao kamwe.

Mwezi uliofuata Mukalay alibisha hodi kwa Abdias, ameleta samaki wawili wakubwa. Msanii wetu hakujizuia, akashika gitaa amwimbie wimbo mpya, asikie ulivyobadilika.

"Hapana, yaya," Mukalay alisema kwa upole. "Aksanti kwa lile teke. Lakini ile wimbo miye niliisha kuisikia. Nilikuwa chini."

Abdias aliliegemeza gitaa ukutani. Denise alileta bukari, Tata Ézéchias akasimama, akasema, "Tuombe." Wakainama wote. Mzee alipofika kwa wajane, Abdias alichungulia. Mukalay alikuwa ameketi wima, macho yote mawili wazi, anawatazama mmoja mmoja, na mguu mmoja ameshautoa nje ya kiti, upande wa mlango.