Jora la Uvunguni

Juzi, pale Muheza, niliona majora ya bafta nyeupe yamerundikwa nje ya duka, hakuna hata anayeyatazama, na puani ikanijia harufu ya karafuu maiti.

Utotoni mwangu nguo zilikuwa hazionekani madukani, na aliyekutwa na jora ndani alikamatwa kwa ulanguzi. Baba aliweka jora moja uvunguni mwa kitanda, nyumbani kwetu Mabawa, nalo lilinukia hivyo hivyo. Mimi nilidhani ndiyo harufu ya Idi, na gauni langu limo mle.

Alasiri moja mgambo wakavunja mlango. "Mlanguzi we!" alifoka mmoja wao, Hamza, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akampiga baba rungu la mdomo. Jino likaangukia mkekani. Wakamkanyaga mbavu, nikasikia mlio kama wa ukuni mkavu ukivunjwa.

Mama akajitupa katikati. "Sanda hiyo, Hamza! Ya mtaa mzima! Babako juzi tulimkatia wapi sanda, kama si humo?"

Hamza aliliangalia lile jora. Kisha akainua rungu, akampiga baba tena, safari hii kwa nguvu zaidi.

Siku ile nilidhani hakumsikia mama. Leo najua alisikia kila neno.