Mti wa Dani Ulioingia Chupa Kisian

Niliondoka mtaa wetu, Obunga, sababu ya mti moja. Nyanya yangu, Dani tunamwita, anatibu watoto na huo mti. Msituni watu wamechimba mizizi yake mpaka ikaisha. Nyuma ya nyumba yetu kulibaki kijiti na matawi mawili tu. Ikikufa, Dani hana kazi. Na mtu akicheza na Dani, tutakosana.

Redio ilisema Kisian kuna maabara wanaongeza miche ndani ya chupa.

Saa moja asubuhi. Dani alinipatia tawi moja ndani ya kitambaa. Alikuwa ameianika juani siku tatu. "Dawa haitembei mbichi," akasema. Nikapanda baiskeli, nikashika barabara ya Busia.

Saa tatu, maabara ya Kisian. Mama wa koti nyeupe alifungua kitambaa, akacheka. "Baba, umeniletea kuni?"

Damu ikapanda. "Kuni gani? Hiyo ni dawa ya nyanya yangu! Heshimu watu!"

"Namheshimu sana. Lakini hii imekufa. Niletee ncha ya kijani, ile bado inakua."

Hiyo maneno nilikuwa nimeisoma mwenyewe kwa kitabu. Lakini nani angebishana na Dani?

Saa saba, Obunga tena. Dani aliangalia tawi ya mwisho. "Na huyo mama wako wa maabara akiharibu?"

"Nitachoma hiyo maabara!"

"Nyamaza. Mdomo yako haioti mizizi." Akakata ncha mwenyewe. Nikaifunga na kitambaa ya maji, nikaendesha kama mwizi mpaka Kisian.

Huyo mama aliiosha na dawa ya kuua viini, akakata vipande vidogo kama punje za mtama, akapanda kwa chupa tano zenye chakula kama uji imeganda. Baada ya wiki kadhaa nilirudi: nne zimeshika kuvu. Nikaanza kufoka. Akainua ya tano. Majani mawili, safi. Kutoka hiyo moja alikata, akaongeza, akakata tena, miezi ikapita mpaka miche ikaota mizizi.

Siku ya kuirudisha nyumbani nilibeba miche sita. "Usiweke juani," akanionya. "Wiki mbili ndani, umefunika na nailoni."

Njia yote nilipanga vile nitabishana na Dani, mtu wa kuanika kila kitu. Kumbe mimi ndiye nilikuwa sijui kitu. Alichukua miche, akaingiza kwa chumba chake, akafunga dirisha.

"Kwani nani hutoa mtoto mchanga nje siku ya kwanza?"

"Kwetu mtoto mvulana hukaa ndani siku nne, msichana tatu," nikasema. "Hii imepewa wiki mbili. Ni mvulana ama msichana?"

"Msichana," Dani akasema. "Hizo wiki mbili atapata. Huyu lazima azae."