Aliyeinama Mwambani

Nilipokuwa mtoto, mwamba ulioko ng'ambo ya bonde letu, juu ya Lushoto, ulikuwa mwamba tu. Ulikuwa hivyo kwa muda mfupi sana: jiwe jeusi, majani yameota kwenye ufa, maji yanachuruzika. Kisha siku moja, tukichuma maharage, bibi yangu akaniinua kidevu.

"Tazama pale. Humuoni?"

"Naona jiwe, bibi."

"Tuliza macho. Ule mgongo. Ule mzigo wa kuni. Kainama."

Nikamwona. Hakuna kilichoongezeka kule ng'ambo. Vilikuwa vipande vile vile, ila sasa vimekuwa mtu, na tangu siku ile sijaweza kuvirudisha kuwa jiwe.

Kwetu waliamini kwamba Aliyeinama akionekana kwenye ukungu, mtoto wa nyumba fulani ataugua. Na ukungu, jamani, msimu wa baridi unapanda kutoka upande wa Mombo karibu kila asubuhi, na watoto wanakohoa msimu huo huo. Lakini nani alitaka hoja? Walikuwa na mgongo, tena wa mtu hai. Bi Hadija, mjane jirani yetu, alipinda kwa kubeba kuni tangu usichana wake. Mtoto wa mama yangu mdogo alipokufa kwa kifua, watu wakachukua mwamba, ukungu, kikohozi na mgongo wa Bi Hadija, wakavishona vikawa kitu kimoja.

Hakuna aliyempiga. Walimnyima shikamoo. Kwetu mtoto akimpita mzee bila kumwamkia, mtu yeyote anamchapa pale pale. Sasa tuliagizwa tumpite kama mgomba. Alikuwa akisimama pembeni ya njia, mdomo wazi kidogo, marahaba yake tayari, mpaka tumalize kupita.

Mimi ubishi sikuuanzia chuo kikuu ninakosoma sasa. Asubuhi moja nilimkuta mferejini, wanawake wakiteka maji, nikasema, "Shikamoo, bibi."

Aligeuka kutazama nyuma yake, anayeamkiwa ni nani. Kisha akajibu taratibu, "Marahaba, mjukuu wangu. Mama hajambo?"

Jirani mmoja, Mama Salimu, akatua ndoo. "Si mmeona wenyewe? Kamroga mpaka huyu."

Basi. Heshima yangu ikawa ushahidi. Kabla mahindi hayajakauka, mwanawe alikuja kumchukua, akamshusha Mombo, kwenye joto asilolijua. Alifia huko, akazikwa huko. Msimu wa baridi uliofuata watoto wakakohoa kama kawaida.

"Sasa ni nani tena, bibi?" nilimwuliza bibi yangu.

"Kaondoka yeye, kivuli kaacha," akasema, akaendelea kumenya viazi.

Utamshindaje mtu wa namna hiyo? Chuoni nimefundishwa kwamba macho yanaleta vipande tu, mwanga na giza, na akili ndiyo inayounga, tena inaunga kwa kufuata ilichokwisha kuambiwa. Nilipolisikia somo lile sikufurahi kujifunza, nilikasirika. Mtu alifukuzwa kwake kwa sababu ya kazi ya kawaida ya ubongo. Hoja hiyo nimeisimamia ukumbini, nikapigiwa makofi.

Likizo iliyopita nikaipeleka nyumbani. Bibi, ambaye sasa anatembelea fimbo, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe na maneno yako. Kwani mimi kipofu?"

Rehema, binti wa kaka yangu, alikuwa amekaa kati yetu. Nikamwuliza, "Rehema, pale ng'ambo kuna nini?"

"Jiwe, shangazi."

Nikamgeukia bibi, kama nimeshashinda.

"Tuliza macho, mjukuu," bibi akasema. "Ule mgongo."

"Ni jiwe, Rehema. Umesema mwenyewe."

Mtoto alilaza kichwa upande mmoja. Niliuona uso wake ukitulia, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

"Ana kuni," akasema.

Niligeuka nimwoneshe kwamba hapana. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda, na mimi nilimwona Aliyeinama vile vile kama zamani, kainama pembeni, kama mtu anayesubiri kuamkiwa.