Besi la Lorraine na Taa ya Ukutani

Lorraine Thackray alianza kupiga gitaa la besi kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Alikuwa na miaka kumi na sita, anafunga peremende kiwandani pale Barnsley, mji wa kaskazini mwa Uingereza, na bendi ya mtaani kwao ilikuwa na wapiga gitaa watatu, wote wakitaka kuonekana. "Basi nipeni mimi hilo la nyuzi nne," akasema. Akalipiga mpaka vidole vikaota sugu. Baadaye alizunguka na bendi za roki Uingereza nzima, hadi Ujerumani huko. Lakini hebu fikiria, nusura yote hayo yaishie Jumapili moja mchana, mwaka 1974, kwenye klabu ya wachimba makaa.

Klabu ile ilikuwa na taa ya kijani ukutani, ya kupimia kelele. Kelele zikizidi, taa inageuka nyekundu na umeme wa jukwaani unakatika. Ulishakatika Jumapili mbili mfululizo, na Clive Oddy, kiongozi wa bendi na mpiga gitaa, alishaamua mkosaji ni nani.

"Ni hilo besi lako, bibie. Linatikisa mpaka bia za watu. Umeme ukikatika leo tena, namchukua binamu yangu."

Wimbo wa pili tu, nyekundu! Zikabaki ngoma tu za Derek, mpiga ngoma wao, nazo zikanyamaza. Wazee waliokuwa wakila pai za nyama wakaguna.

"Leteni bingo basi!" mmoja akapaza sauti, akitaka ule mchezo wa namba wa kubahatisha.

Clive akamwonyesha Lorraine mlango. Lorraine hakusogea.

"Siendi popote. Washeni, tupige mmoja mmoja, wote waone. Nikiwa mimi, nitajibebea spika yangu hadi kituo cha basi."

"Kichwa kigumu kama mama yake," Derek akacheka.

Umeme ukarudi. Lorraine akafungulia sauti yote, akaupiga uzi mnene kuliko zote. Glasi zikalia mezani. Taa ikabaki kijani.

Ikaja zamu ya Clive. Hata mstari mmoja hakuumaliza. Nyekundu.

Ukumbi ukaangua kicheko. "Clive mwanangu," akauliza mchimba makaa mmoja, "huyo binamu yako anajua gitaa pia?"

Clive akapunguza sauti ya gitaa lake, masikio yamemwiva kwa aibu. Wimbo ukaanza upya, na safari hii watu wakalisikia besi, kitu kizito kikitembea chini yake, bila haraka. Wanawake wawili wakaacha kadi zao za bingo, wakainuka kucheza.

Lorraine hakutabasamu. Alisogea mbele, akasimama pale anaposimama Clive siku zote, akaendelea kupiga.