Mwenye shule anataka nifundishe kwa jina la marehemu

Admin, jina langu lisionekane, maana huyu bwana mwenye shule anashinda kwenye simu akisoma page yako badala ya kuongoza shule. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ndogo ya binafsi huku Katuba, Lubumbashi. Nilipoanza tulikuwa na vyumba vitatu vya mabati na walimu watatu, na kila mtoto tulimjua hadi jina analoitwa nyumbani.

Kisha mwenye shule, ambaye maisha yake yote alikuwa akivusha saruji mpakani Kasumbalesa, akaamua shule ikue. Kwake kukua ni kujenga. Sasa tuna ghorofa yenye rangi ya machungwa, na huko juu vyumba vinne vina madawati mapya bila mwalimu hata mmoja. Anangoja tu inspekta avipitishe. Wazazi wakisifia, anasimama getini tumbo mbele, kana kwamba ukuta ndio utafundisha watoto kusoma.

Mwaka jana rafiki yangu Odette (si jina lake), mwalimu wa darasa la pili, aliugua siku chache akafariki. Nilidhani atatafutwa mwalimu mwingine. Aliletwa fundi, akatoboa ukuta kati ya darasa langu na lake, akaweka mlango. Tangu hapo nafundisha pande zote mbili. Nikiandika hesabu huku, kule wanapigana. Nikienda kule, huku wanakula chaki. Yeye anaita hiyo *organisation*, yaani mpango mzuri.

Juma lililopita aliniita ofisini. Amekalia kiti kipya ambacho hajakitoa nailoni mpaka leo, kila akijitikisa kinalia.

"Madame, inspecteur anakuya lundi ingine. Ile siku, weye mwalimu wa première uko mugonjwa, batoto bako banabakia ku nyumba. Utaingia mu deuxième, utakuwa Madame Odette. Yeye angali ku liste ya balimu."

Nikamwambia, "Patron, Odette alikufa. Tulimuzika na weye ulikuwa pale."

"Yeye njo alikufa. Diplome yake haikufe, iko mu dossier ya shule."

Akacheka. Akaongeza kwamba nikikubali nitakuwa directrice, mkuu wa madarasa ya huko juu, na nikikataa, walimu wasio na kazi wamejaa huko Lukafu, wanaitafuta nafasi yangu. Kama wamejaa, mbona hajaleta hata mmoja kwa mwaka mzima? Lakini sikumuuliza. Nilikubali, na ninajidharau kuliko ninavyomdharau yeye.

Tangu Jumatatu hii tunafanya mazoezi, maana inspekta anakuja Jumatatu ijayo. Naingia darasa la pili, watoto wanasimama pamoja: "Bonjour, Madame Odette." Mwenye shule anasikiliza dirishani akitikisa kichwa kwa furaha.

Sasa sikieni aibu yangu. Katika darasa hilo, dawati la pili, anakaa binti wa Odette. Ana miaka minane. Huyo mtu hata hakukumbuka kwamba yupo, kwa sababu hawafahamu watoto wa shule yake, anajua idadi ya vyumba tu. Siku tatu za kwanza binti alisimama na wenzake akafunga mdomo, nami nikajifanya sikuona. Jana alisema vizuri, kwa sauti kuliko wote. Wenzake walipotoka kucheza, akanifuata mezani.

"Madame, minasema muzuri?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa lundi mi nikuite Madame, ao nikuite mama?"

Nilimfunga vizuri kifungo cha shati, nikamwambia akacheze.

Nikikataa sasa, nafukuzwa, na madarasa yote mawili yanabaki na mlango wa fundi bila mwalimu. Nikiendelea, yule mtoto atasimama mbele ya mgeni na kunipa jina la mama yake. Ndugu zangu mnaosoma hapa, msiniambie niombe, nimeshaomba. Niambieni tu, Jumatatu nikiupita ule mlango, nifanye nini?